Mama Daftari na Maneno ya Meneja

Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kuandika yale waliyosema wengine. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi alikaa kwenye kona ya meza ndefu, karibu na dirisha lisilofunguka, akaandika kumbukumbu za kikao cha kituo cha televisheni. Kwingineko mwandishi wa kumbukumbu huandika kwa kifupi: fulani alipendekeza hiki, wajumbe wakakubali kile. Hapa sivyo. Meneja wa kituo alipopewa cheo alitoa amri moja kabla hata hajakizoea kiti: maneno yake yaandikwe neno kwa neno. Aliamini iko siku watu watayahitaji. Basi yakaandikwa, yakapigwa chapa, yakapelekwa mezani kwake, naye akatia saini kila ukurasa bila kuusoma. Kisha yakaingia kwenye majalada ya kijani kabatini, yakalala humo.

Wafanyakazi walimwita Mama Daftari. Alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, mwenye tabia ya kutikisa kichwa wakati wengine wanaongea, na Meneja alidhani anakubaliana naye. Kumbe alikuwa anasubiri mwisho wa sentensi, maana sentensi za Meneja zilichelewa kufika.

Meneja mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na hilo tuliseme mapema, asije mtu akamchukia bure. Alijua majina ya watoto wa walinzi. Mfanyakazi akifiwa, Meneja alikuwa msibani kabla ya ndugu wengine. Ila alikuwa na mdomo. Mhasibu akija na gauni jipya, alisema mbele ya kikao kizima, "Leo ofisi imependeza, hata taa tungezima." Msomaji wa habari, dada mmoja asiye na mchezo, akieleza kwa nini kamera mbili hazitoshi, Meneja alimkatiza katikati: "Dada yangu, punguza hasira, utazeeka." Kisha mwanaume akisema jambo lile lile, aligonga meza kwa kalamu: "Hapo sasa. Hiyo ndiyo akili." Hayo yote yaliandikwa.

Mwaka huo kituo kilipata pigo. Wachekeshaji wawili waliokuwa wakishika nafasi ya Ijumaa jioni waligombana, kila mmoja akashika njia yake, na nafasi ikajazwa na filamu ya zamani kuhusu maisha ya nyuki. Baada ya wiki tatu za nyuki, Meneja aliomba mawazo.

"Nataka kichekesho," alisema. "Kiwe kinauma kidogo. Nani ana wazo?"

Ndipo Mama Daftari, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kufungua kinywa kikaoni ila kuuliza jina la mtu linaandikwaje, akaweka kalamu chini.

"Labda igizo la mji ambao mambo yamegeuka," alisema. "Wanawake ndio mabosi, ndio vichwa vya nyumba. Wanaume ndio wanaoulizwa leo mmepika nini."

Meneja alimtazama kama mtu aliyesikia kabati likikohoa.

"Mama, wewe andika," alisema kwa upole. "Ucheshi tuachie sisi. Wanawake hamna utani, mna masengenyo." Akafikiri kidogo. "Hilo usiliandike. Au liandike tu, ni la kweli."

Wanaume wakacheka. Mhasibu akatazama kucha zake. Mama Daftari akaokota kalamu, akaandika.

Pale mezani alikuwepo mwongozaji wa vipindi, mwanaume mwembamba aliyeitwa Kata, kwa kuwa ndilo neno alilolisema zaidi nyuma ya kamera, kusimamisha mchezo. Hata watoto wake nyumbani walinyamaza akilitamka. Kata alikuwa mvivu, na uvivu ulikuwa umempa jicho la kuitambua haraka kazi nzuri ya mwenzake. Alisubiri dakika tano hivi, akasafisha koo.

"Bosi, nimewaza. Tukifanya igizo la mji uliogeuka? Wanawake mabosi, wanaume jikoni?"

Kalamu ikagonga meza. "Hapo sasa. Hiyo ndiyo akili."

Kikao kilipokwisha, Mama Daftari alimkuta Kata anamsubiri kwenye korido, karibu na mashine ya kunakili.

"Usinitazame hivyo," Kata alisema. "Wazo ni lako, najua. Ningesema ni lako lingezikwa mara ya pili. Sasa kaa uandike."

"Niandike mimi?"

"Mimi siwezi kuandika hata barua ya kuomba likizo. Andika, nami nitasema ni mwandishi wa nje asiyependa kujulikana. Kikipendwa, tutajua la kufanya."

"Na kisipopendwa?"

"Basi huyo mwandishi wa nje tunamfukuza."

Jumamosi nzima alikaa na karatasi kwenye meza ya jikoni, akatunga mistari minne, akaifuta minne. Vichekesho vya kutunga vilimkalia kooni. Jumatatu, baada ya kikao, alifungua kabati kutafuta tarehe fulani, akachomoa jalada la mwaka wa nne, likafunguka lenyewe. Alisoma ukurasa mmoja. Akasoma wa pili huku ameziba mdomo kwa kiganja. Alipofika wa tano ilibidi akae chini, sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto.

Hakuhitaji kutunga. Palipoandikwa dada aliweka kaka, palipoandikwa gauni aliweka suruali, na mchezo ukasimama wenyewe. Ulikuwa mchezo wa kiwanda cha magodoro chini ya bosi mmoja aliyeitwa Mama Mkurugenzi, pamoja na katibu wake, mwanaume aliyeolewa, mwenye watoto wawili, ambaye kila ikifika saa kumi moyo unamdunda kwa kuwa hajui nyumbani jiko amelizima au hakulizima. Igizo likaitwa Nyumba Kichwa Chini.

Wa kumwigiza katibu, Kata alimchukua Kifua. Huyu alikuwa pande la mtu, mabega mapana, sauti ya kutoka kisimani. Miaka tisa alikuwa ameigiza ujambazi. Alikuwa ameuawa kwenye runinga karibu mara arobaini, na watoto wa mtaani kwake walimpenda kwa jinsi alivyoanguka. Alikubali kazi bila kusoma, kwa sababu Kata alimwambia tu kwamba yeye ndiye nyota. Nafasi ya Mama Mkurugenzi alipewa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mrefu ambaye sauti yake ilikuwa imenyamazisha madarasa kwa miaka thelathini bila kupanda.

Siku ya kwanza ya kurekodi, Kifua alimfunga mtoto wa plastiki mgongoni kichwa kikiwa chini, akaulizwa kama na kwake nyumbani huwabeba hivyo, akajibu kwamba kwake nyumbani hajawahi kupewa. Hilo lilirekebishwa. Lililomshinda lilikuwa neno moja. Mama Mkurugenzi anamuuliza katibu, "Umeolewa?" naye anatakiwa ajibu, "Ndiyo, mama, nimeolewa."

"Ndiyo, mama," Kifua alisema, "nimeoa."

"Kata," akasema Kata.

"Imenitoka tu, kaka."

Wakarudia. Ikamtoka tena. Mara ya tatu alifika "nimeo" akapaliwa. Mara ya tano aliinua mkono kuomba maji.

"Mwanaume haolewi," alisema baada ya kunywa. "Hata sarufi inakataa. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Nikisema hivyo ni kama nimesema nimepikwa."

"Mji huu sarufi yake inakubali," Kata alimjibu.

"Mama yangu mzazi ataangalia hiki kipindi."

Ikawa vuta nikuvute. Mafundi wa taa walianza kutoka jasho na kunong'ona. Mwisho mwalimu mstaafu alimshika Kifua kiwiko, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, kwenye runinga umeuawa mara ngapi?"

"Kama arobaini, mwalimu."

"Ulikufa kweli?"

"Hapana."

"Basi na hapa hutaolewa kweli. Sema, twende nyumbani."

Kifua akarudi mahali pake. Akainamisha kichwa, akashika kifungo cha shati lake, akakizungusha kwa vidole vinene, na kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo, akasema, "Ndiyo, mama. Nimeolewa."

Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika, ikabidi warudie kwa ajili yake. Mama Daftari, aliyekuwa amesimama nyuma ya taa, hakucheka. Neno hilo alikuwa amelisema maishani mara zisizohesabika, kwenye fomu, hospitalini, kwa wageni, na hakuwahi kulisikia. Siku ile alilisikia.

Igizo lilitoka, na watu walilipokea kama mvua ya kwanza. Kwenye vibanda vya kunyolea wanaume walibishana kama Kifua amelipwa au amerogwa. Saluni za wanawake zilikariri maneno ya Mama Mkurugenzi, na vijana waliozoea kusimama kwenye kona wakiwapigia mluzi akina dada wapitao walianza kujibiwa: "Kaka, mbona umenuna? Hebu tabasamu, barabara ipate mwanga." Mmoja alirudi ndani kubadilisha shati. Kifua akienda sokoni kununua vitunguu, wauzaji walimwita kutoka mbali, "Baba watoto, mkeo hajambo? Anakutunza?" Mwanzoni alikunja uso. Wiki ya tatu alianza kujibu, "Hajambo, ila harudi mapema," na wakawa wanamchagulia vitunguu vizuri.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Meneja.

Kila Jumatatu aliingia kikaoni akiwa bado na Ijumaa mwilini. Aliigiza vipande vizima. Aliinuka, akaweka mkono kiunoni kama mwalimu mstaafu, akasema, "Kaka yangu, punguza hasira, utazeeka," kisha akakaa na kufuta machozi kwa leso.

"Yule mama," alisema. "Yule mama ana mdomo. Mtu kama yule unafanyaje naye kazi?"

Wafanyakazi walitazama dari. Wengine walitazama chini ya meza kana kwamba wameangusha kitu. Mhasibu aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji akakaa huko robo saa.

"Mama," Meneja alimgeukia Mama Daftari, "kipindi kile ukitazame, ujifunze. Sasa unaona kwa nini nilisema ucheshi utuachie?"

"Naona, Bosi," alisema Mama Daftari, na akaandika hilo pia.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Ila wahenga hawakuwahi kumwona nyani akiletewa kundule kwenye runinga kila Ijumaa, kwa rangi, akalipigia makofi.

Wiki ya saba Meneja alikuja na malalamiko. Alikunja uso kama mtaalamu.

"Kipindi ni kizuri, sikatai. Lakini mwandishi wenu anazidisha chumvi. Yule Mama Mkurugenzi hana uhalisia. Hakuna bosi anayemkatiza mtu kila akifungua..."

"Bosi, mimi nadhani..." alianza msomaji wa habari.

"Subiri kwanza, dada yangu, punguza hasira. Hakuna bosi anayemkatiza mtu kila akifungua mdomo. Huo ni uongo. Mtu wa hivyo angekwishafukuzwa."

Kata alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili.

"Niandike neno kwa neno, Bosi?" aliuliza Mama Daftari.

"Neno kwa neno."

Ijumaa ya wiki iliyofuata Mama Mkurugenzi aliitisha kikao cha wauza magodoro kulalamikia igizo moja la runinga lisilo na uhalisia, akamkatiza mhasibu wake mwanaume mara sita. Meneja alimpigia Kata simu kabla kipindi hakijaisha. Alimpongeza kwa kumfikishia mwandishi ujumbe, akasema sasa ndiyo kimenoga.

Mtu aliyejitambua hakuwa Meneja. Alikuwa mume wa Mama Daftari, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache aliyefanyia kazi zake uani. Jumamosi moja asubuhi mkewe alimpelekea chai. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jokofu la mteja, bisibisi mdomoni. Aliitoa, akasema bila kugeuka:

"Ile ya soksi ni yangu."

Mama Daftari alisimama na kikombe. Katika sehemu ya sita, mke wa katibu anarudi kutoka kazini, anakaa, anauliza soksi zake ziko wapi, na amezikalia.

"Ni yako," alikiri.

"Na ile ya kuosha kikombe kimoja na kusema nimekusaidia kazi?"

"Hiyo nayo."

Fundi alikaza skrubu moja, akahamia nyingine. Mkewe alisubiri anune, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka kwa ndani, kama kawaida yake.

"Basi sawa," alisema. "Lakini kuna moja si yangu. Ile ya mume anamwambia mkewe kwamba mtoto ana homa, naye hainui macho kwenye karatasi, anasema, 'Sikusikii, nina mawazo ya kazi.' Wateja wangu wote wanaisema hiyo."

"Hiyo niliitunga mwenyewe."

"Hukuitunga, mama watoto. Mimi ndiye niliyekuwa naongea. Mtoto alikuwa na homa."

Chai ilipoa mkononi mwake. Alijaribu kukumbuka, akakumbuka: meza ya jikoni, karatasi, sauti mlangoni. Homa ilikuwa ndogo tu, alitaka kusema. Akaona kwamba hivyo ndivyo angesema Mama Mkurugenzi, akapiga magoti kando ya mumewe na kumshikia tochi mpaka jokofu likaanza kunguruma.

Mambo yangeweza kwenda hivyo mwaka mzima, kama kituo cha nchi jirani kisingetaka kulinunua igizo. Habari zikavuma, na Meneja akaalikwa kwenye kipindi cha asubuhi cha kituo chake mwenyewe. Mtangazaji akamuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa analiuliza: mwandishi ni nani?

Meneja alikuwa ameambiwa na Kata kwamba mwandishi hapendi kujulikana. Angeweza kusema hivyo. Lakini taa za studio zina uchawi wake.

"Tuseme tu," alijibu akirekebisha tai, "kwamba maneno yale yalitokea mezani kwangu."

Na hapo, bila kujua, alikuwa amesema kweli tupu. Kufikia adhuhuri magazeti mawili yalikuwa yamemtaja kuwa mwandishi, naye hakukanusha. Kata aliliona gazeti, akalikunja, akalipeleka mezani kwa Mama Daftari. Mama Daftari alilisoma, akaliweka chini ya kikombe chake cha chai.

Jioni Meneja alimkuta mkewe amerudi kutoka hospitali alikokuwa muuguzi mkuu. Alikuwa amekaa, viatu amevua, gazeti magotini.

"Umeandika wewe?" mkewe aliuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi hongera." Akageuza ukurasa. "Mimi miezi yote hii nilidhani umeandikwa."

"Nimeandikwaje?"

Mkewe alimtazama, akaona kwamba anauliza kweli, na uso wake ukalegea kwa huruma. Jumapili asubuhi alimwekea sehemu zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, akamwachia kiti chake kizuri, akaenda kumtembelea dada yake. Aliporudi runinga ilikuwa imezimwa na mumewe alikuwa bado anaitazama.

"Mimi nasema 'utazeeka'?" aliuliza.

"Hata kwa mama yako umewahi kusema."

Jumatatu kikao kilikuwa na mgeni, mwenyekiti wa bodi, wakili mwanamke asiyependa mazungumzo marefu. Alifungua mkoba, akatoa mkataba.

"Wanunuzi wana wanasheria wao," alisema. "Wanataka saini ya mwandishi na uthibitisho kwamba maneno hayakuibwa mahali. Bwana Meneja, nasikia ni wewe."

Watu wote walimtazama Meneja. Alikuwa mtu mwenye akili, na alikuwa amelala na jambo hili kitandani, hivyo aliuona mtego pande zote mbili. Akisema yeye ndiye mwandishi, atakuwa amekiri kwamba kila neno la Mama Mkurugenzi ni lake. Akikana maneno, basi ameukana na uandishi, na magazeti yapo. Alikohoa. Akanywa maji. Kwa mara ya kwanza Mama Daftari aliandika kwenye kumbukumbu: *Meneja amenyamaza.*

"Maneno ni yangu," alisema hatimaye. "Lakini mwandishi si mimi. Mwandishi ni huyu mama hapa."

Mama Daftari alisimamisha kalamu. Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Sielewi," alisema mwenyekiti. "Maneno ya mmoja, mwandishi mwingine?"

Ndipo Mama Daftari akaenda kabatini na kurudi na majalada ya kijani, manne kwa safari, akayapanga mezani. Mwenyekiti alifungua la juu. Alisoma kimya. Akafungua jingine. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kila ukurasa una saini yako," alimwambia Meneja.

"Ninasaini kila kitu, mama."

"'Wanawake hamna utani, mna masengenyo,'" mwenyekiti alisoma kwa sauti. "Hii iko sehemu ya ngapi? Sikumbuki kuiona."

"Haijatoka, mama," alisema Mama Daftari. "Nilikuwa naitunza."

Mhasibu ndiye aliyeanza. Alikuwa amezuia kicheko tangu sehemu ya kwanza, na sasa kilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Kikamshika msomaji wa habari, kikamshika Kata, kikampata mwenyekiti mwenyewe, aliyeinamia mkataba akiwa ameziba uso. Meneja alikaa katikati yao. Alianza kusema kitu, akamtazama Mama Daftari, akatazama kalamu yake, akaghairi. Kisha naye akacheka, si kile kicheko chake cha Ijumaa, kidogo zaidi, na kwa shida.

Mkataba ulisainiwa na Mama Daftari. Kuanzia Ijumaa hiyo jina lake lilitokea mwishoni mwa kipindi, herufi kubwa, na mumewe alilipiga picha kwa simu ingawa lilipita haraka na picha ikatoka na ukungu. Alipewa chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa stoo ya nyaya. Kumbukumbu za vikao akapewa kijana wa kiume kutoka idara ya matangazo, kwa maagizo mapya: muhtasari tu, kwa kifupi, bila kunukuu mtu.

Na vikao vikabadilika. Meneja sasa alizungumza kama mtu anayevuka barabara, akitazama huku na huku. Alianza, "Dada yang..." akasita, akamalizia, "Endelea, nakusikiliza." Msomaji wa habari alipata kamera yake ya tatu. Kikao kilichozoea kufika saa sita kilikuwa kinaisha saa nne kasorobo, na watu walirudi ofisini wasijue la kufanya na asubuhi iliyobaki. Nyumbani kwake, ilisemekana, mkewe alikuwa anamwita Mama Mkurugenzi, naye alikuwa ameanza kuitika.

Yote hayo yalikuwa heri kwa kila mtu isipokuwa Mama Daftari, aliyekuwa na sehemu mpya kumi na tatu za kuandika na chemchemi imekauka, maana majalada ya zamani alikuwa ameshayakamua. Meneja alipita siku moja kwenye chumba chake, akasimama mlangoni.

"Kwa hiyo yule mama mtamfanyaje?" aliuliza.

"Sijui, Bosi. Ulikuwa unanisaidia sana."

Meneja alionekana kufikiria kama aombe radhi au ajisikie fahari, akaondoka bila kuamua. Nyumbani hali ilikuwa ile ile: fundi alikuwa amekuwa mwangalifu, mbele ya mkewe alizungumzia gesi na kompresa tu, na soksi zake alizikunja mwenyewe akaziweka droo ya juu.

Basi ilibidi atunge. Ukurasa wa kwanza aliotoa kichwani mwake alimpa Kifua ausome. Kifua aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akausoma tena, kwa heshima.

"Mama," alisema, "hii haichekeshi."

"Najua. Wewe ungesema nini hapo?"

"Mimi ni mtu wa kuanguka, si wa kutunga." Alikuna kidevu. "Ila juzi nilikuwa namwogesha mwanangu mdogo. Siku hizi namwogesha, nilizoea kwa yule wa plastiki. Mke wangu akarudi kutoka kazini, nikasikia geti, halafu kimya. Nikachungulia. Yuko dirishani kwa nje, na jirani yake, na dada wa jirani, wananitazama. Nikamuuliza, 'Huingii?' Akasema, 'Endelea kwanza, ndiyo inaanza.'"

Mama Daftari alivuta karatasi mpya.

"Wewe ukafanyaje?"

"Nikaendelea. Ningefanyaje? Mtoto ana sabuni."

Walikaa na hilo mpaka saa ya chai. Ukatoka ukurasa mmoja na nusu. Kata alirekodi ule mmoja, nusu akaikataa, akasema inahitaji kazi kidogo, na Mama Daftari, baada ya kununa kwa siku mbili, aliisoma tena akaona kwamba Kata alikuwa sahihi.